Chungu cha Nne cha Tulinagwe

Wakuu, baba yake bibi yangu alikamatwa na Waingereza kwa ushahidi wa chungu.

Msicheke kwanza. Hii nimesimuliwa na bibi Angetile mwenyewe, na hakuwa mtu wa masihara.

Jamaa aliitwa Aliko, wa Ngonga, huku kwetu Kyela. Mwaka 1912 Mjerumani ndiye mwenye nchi, na pale shule ya misheni Aliko alikuwa na mpinzani mmoja tu: binti wa wafinyanzi wa kabila la Wakisi, Tulinagwe.

Mchungaji wa Kizungu alishatangaza. Wa kwanza kwenye mtihani wa Kijerumani anabaki shuleni kama mwalimu msaidizi.

Kwa Aliko hiyo ilikuwa shati jeupe na kuitwa mwalimu. Kwa Tulinagwe ilikuwa kusogeza ndoa mbele. Alishaposwa, na mpunga ukivunwa tu anaondoka.

Binti alikuwa moto. Kila neno jipya alilichora kwa mwiba kwenye kitako cha chungu kibichi. Kesho yake, kabla hajakigeuza, analitaja na maana yake. Akikosa, anaponda chungu chote na kuanza upya.

"Kuponda chungu kunauma," alimwambia Aliko. "Neno likikuuma hulisahau tena."

Ndiyo, alimfundisha yeye! Aliko alikuwa kilaza wa kutupwa, der na die na das zinamtoa jasho. Binti akamkalisha kwenye udongo miezi mitatu mpaka akapanda nafasi ya pili.

Ya pili. Hapo ndipo roho mbaya ilipomwingia.

Asubuhi ya mtihani, uliofanyiwa kanisani, alitoka mbio hadi kwa mzee Nsajigwa, baba wa mchumba wake Tulinagwe.

"Ugonile, tata," akamwamkia kwa Kinyakyusa. "Mchungaji anakuita kanisani."

"Mimi? Kuna nini?"

"Amesema usichelewe."

Kwa wasiojua: enzi hizo binti akishaposwa hamwoni baba mkwe, wala mzee hamwoni yeye. Wakisikiana njiani, binti anajitupa kichakani na kujifunika. Wakionana ni aibu ya koo zote mbili. Na mzee hakujua kabisa kwamba mkwewe yumo mle ndani.

Tulinagwe alikuwa amesimama mbele, anajibu maswali bila kumeza mate, mzee alipotokea mlangoni. Mlango ulikuwa huo huo mmoja.

Binti alijifunika nguo usoni, akaanguka chini, akatambaa hadi dirishani na kujitupa nje.

Darasa zima lilicheka. Aliko alicheka kuliko wote.

"Ushenzi!" Mchungaji akafoka. "Sifuri! Asirudi tena hapa."

Aliko akawa wa kwanza. Tulinagwe akaolewa mwezi huo huo, hata mpunga haukusubiriwa.

Mavuno yalipofika, wifi yake Tulinagwe alibisha hodi kwa Aliko na chungu kipya kichwani.

"Tulinagwe anakusalimu. Anasema hiki ni cha mwalimu."

"Ndaga," Aliko akashukuru, akampa mkewe apikie maharage.

Mwaka uliofuata kikaja kingine. Na mwingine, kingine. Aliko akajipa moyo kwamba yameisha, binti kasamehe. Mpaka 1915 vilikuwa vinne.

1916 Waingereza wakaingia, wakawa wanawasaka waliomtumikia Mjerumani. Aliko akazika shati na vitabu, akavaa matambara.

"Unajua Kijerumani?" mkalimani wao akamuuliza.

"Mimi? Hata neno moja sijui, bwana."

Askari aliyekuwa akipekua nyumba akakibinua chungu cha nne, ambacho kilikuwa hakijapikiwa bado, hakina masizi. Ofisa akainama, akasoma Kijerumani kilichochorwa kitakoni. Mkalimani akatafsiri kwa sauti:

"Mwalimu Aliko, wa kwanza kwa Kijerumani."

Walimbebesha mizigo ya jeshi miezi kumi na minne. Alirudi bila vidole sita vya miguu, funza wamevimaliza.

Hakupumzika. Alichechemea moja kwa moja hadi kwa Tulinagwe.

"Uliniuza!"

Tulinagwe hakuinua macho kwenye udongo wake.

"Vile vitatu vya kwanza ulivisoma?"

Aliko alirudi nyumbani, akavipindua vile vyungu vya maharage na kusugua masizi kwa mchanga mpaka kucha zikatoa damu. Vyote vitatu vilikuwa na maneno yale yale, kwa Kijerumani:

"Mwambie mchungaji ukweli. Nataka kurudi shule."

Miaka mitatu mfululizo aliombwa. Na kijiji kizima mtu pekee wa kuyasoma yale maandishi alikuwa yeye.

Basi wadogo zangu mnaoniuliza inbox namna ya kupasua mtihani wa lugha, mbinu ya chungu nawaapia inafanya kazi. Andika, jiulize, ukikosa jiumize kidogo, rudia.

Ila aliyekufundisha usimchimbie shimo. Mzee wetu alipikia maharage juu ya maombi ya mtu miaka mitatu, na muda wote huo alikuwa anaitwa msomi.