Shuka Lililofuliwa

Jina la Mama Pindo lilitokana na ugomvi. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi yake, akaambiwa asubiri kwanza, pindo halijakaa sawa. Mteja akauliza ni nani atakayeliangalia pindo. Fundi akavua miwani, akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni, akasema, “Mimi.” Kisha akalifumua lote mbele yake na kuanza upya, taratibu, huku mteja akisonya na kutazama saa. Habari ikazunguka mtaa kabla sketi haijafika nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye cherehani ile ile ya kukanyaga, katika chumba cha mbele cha nyumba namba tisa. Meza yake ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ukutani alitundika karatasi za kukatia, kola na mikono na mifuko, zote kazichonga kutoka kwenye maboksi ya sabuni, kalenda zilizopitwa na mabango ya uchaguzi. Mgombea mmoja wa zamani alikuwa amebaki nusu uso, kawa mkono wa blauzi ya saizi kubwa. “Huo ndio mkono pekee aliowahi kutupa,” Mama Pindo aliwaambia wateja, na aliyecheka sana alipunguziwa siku za kusubiri.

Kisha mwaka mmoja maji ya bombani yakaanza kubadilika rangi. Si kwa kila mtu, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Mtaa ulikuwa na nyumba arobaini na moja, zimefuatana kwa mstari mmoja kutoka barabara kuu hadi bondeni. Watu wa juu walisema maji ni mazuri tu. Watu wa chini walisema wanaoga tope. Bibi wa nyumba ya mwisho alikuwa akipanda na ndoo yake kuomba maji kwa Mama Pindo, na Mama Pindo alimpa, lakini moyoni alidhani ajuza anaongeza chumvi. Maji ya namba tisa yalikuwa meupe. Hata wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa namba ishirini na sita, alipolaza mtoto hospitali wiki mbili kwa kuumwa tumbo, Mama Pindo alisema labda ni maembe mabichi. Baadaye alilikumbuka neno hilo kwa aibu.

Wakazi waliandika barua tatu kwa idara ya maji. Jibu lilikuja la mistari minne, likiwa na saini ya mkurugenzi mwenyewe: hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba maji ya mtaa huo hayafai kwa matumizi.

Barua hiyo ilisomwa kwa sauti Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi ambamo kikundi cha wasanii wa mtaa kilikutana. Walikuwa kumi na wawili: washonaji, watarizi, mpiga ngoma mmoja, na mchora vibao vya maduka aliyeitwa Brashi. Walizoea kuigiza michezo ya kuhimiza usafi na kupaka kuta za shule rangi. Msomaji alipofika kwenye neno “ushahidi”, Wifi, ambaye ndiye aliyekuwa mtarizi hodari kuliko wote, alipiga dawati kwa kofi.

“Wanataka ushahidi? Basi tuwashonee!”

Wazo likakua hapo hapo, kila mmoja akiongeza lake. Mama Pindo alikata vipande arobaini na moja vya kitambaa cheupe kutoka jora moja, vyote kipimo kimoja. Kila nyumba ikapewa kimoja, ikiloweke kwenye ndoo ya maji ya bombani siku saba, maji yakibadilishwa kila asubuhi, kisha ikianike kivulini. Hakuna sabuni, hakuna kusugua. Vilipokusanywa, Wifi alitarizi namba ya nyumba kwenye kona ya kila kipande, kwa uzi mwekundu, na Mama Pindo akaviunganisha kwa kufuata nyumba zilivyopangana, vikawa shuka moja refu.

Wakashika ncha na kulikunjua shuka darasani. Kutoka namba moja hadi kumi na saba, vipande vilikuwa vyeupe, kimoja kimoja tu kimefifia. Namba kumi na nane ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ishirini na sita ilikuwa kahawia. Arobaini na moja ilikuwa kama imepita mfereji wa gereji, na ilinuka hivyo.

“Kati ya kumi na saba na kumi na nane,” Brashi alisema polepole, “ndipo bomba linapokatiza chini ya mtaro.”

Bibi wa nyumba ya mwisho alimgeukia Mama Pindo. “Sasa unaona, mwanangu? Mimi chai yangu haihitaji majani.” Wote wakaangua kicheko, isipokuwa aliyeambiwa. Yeye alikuwa anatazama kipande chake mwenyewe, namba tisa, cheupe kama siku alipokikata.

Walilipeleka kwenye ofisi za idara. Karani wa mapokezi alilitazama kupitia kidirisha, akasema, “Hatupokei nguo hapa.” Walirudi mara ya pili na barua, karani akasema barua waiache, nguo warudi nayo. Miezi saba walikuwa hawajawahi kumwona mkurugenzi hata kwa mbali. Kwa hiyo taasisi moja ya utamaduni ilipotangaza maonyesho ya sanaa za mitaa, na mgeni rasmi akatajwa kuwa ni mkurugenzi huyo huyo, kikundi kizima kiliruka kwa furaha, kikaomba kulionyesha shuka. Angesimama mbele ya shuka. Hangeweza kuliambia shuka lirudi kesho. Mratibu wa maonyesho, kijana mpole mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, alikuja kulichukua wiki moja kabla, akalikunja kwa heshima, akashukuru mara tatu.

Siku ya ufunguzi, saa tatu asubuhi, Mama Pindo alifika ukumbini na sindano yake na uzi, kuhakikisha pindo la juu limekaa vizuri. Aliliona shuka tangu mlangoni. Lilitundikwa ukuta wa mbele kabisa, mahali pa heshima, na lilikuwa jeupe pe, kutoka mwanzo hadi mwisho. Namba nyekundu ziling'aa kama shanga. Chini yake palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa herufi nzuri: “Weupe wa Mioyo: Mshikamano wa Akina Mama wa Mtaa.”

Alisogea akaligusa. Lilinukia sabuni ya maua, na mistari ya pasi ilionekana.

“Mmelifua,” alisema.

“Ndiyo, mama!” Mratibu alikuja mbio, amefurahi. “Tuliona lina madoa, tukasema haiwezekani tuwaaibishe mbele za wageni. Tumelifua mara mbili na dawa ya kuondoa madoa. Kuna moja lilikuwa sugu hilo! La mwisho kule, tumelisugua kwa brashi.”

“Nyumba ya arobaini na moja.”

“Samahani?”

“Nauliza, mmefulia maji gani?”

Kijana hakuelewa swali. Alionyesha mlango wa chooni. Mama Pindo akaingia, akafungua bomba. Maji yalitoka kwa nguvu, maangavu, yakapiga sinki na kumrukia kifuani. Idara ilikuwa jengo la pili kutoka hapo, bomba moja. Alisimama akiyatazama yakienda bure, hasira ikimpanda. Hakulia. Alifunga bomba vizuri, maana hata katika hasira hakuweza kuacha kitu hakijafungwa.

“Mwanangu,” alimwambia mratibu alipotoka, “hayo hayakuwa madoa. Hayo ndiyo tuliyoyashona.”

Kijana akamweleza, kwa upole ule ule, kwamba kazi bado ina ujumbe mzuri, kwamba sanaa ina tafsiri nyingi, kwamba kadi zimeshachapwa. Akamuuliza kama wana picha ya lilivyokuwa. Picha ilikuwepo, moja, kwenye simu ya Brashi. Mama Pindo aliikumbuka vizuri: kikundi kizima kimesimama mbele ya shuka, kinacheka, kimeliziba lote.

Ilipofika saa tano, darasa la shule lilikuwa limejaa makelele. Brashi alitaka waende wakalichane. Mwingine alisema waliache, angalau mtaa umetajwa ukutani. Wifi alikaa kwenye dawati dogo, mikono mapajani.

“Siku saba,” alisema mwishowe. “Nililiangalia lile doa langu siku saba nikijua ndilo lililomlaza mwanangu. Na wamelipiga pasi.”

“Tuloweke upya,” mtu akasema.

“Ufunguzi saa tisa, ndugu yangu. Leo.”

Mmoja wa wanawake wa bondeni akamgeukia Mama Pindo. “Na wewe namba tisa, hasira zote hizo za nini? Wewe si unakunywa maji safi?”

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. “Hizo ndizo hasira zenyewe,” Mama Pindo akajibu. “Mlisema mwaka mzima, nikawaona waongo. Mpaka nguo iliponiambia. Sasa na nguo wameinyamazisha.”

Hapo mlango ukasukumwa, na bibi wa nyumba ya mwisho akaingia akihema, mkononi ana chupa ya soda ya lita moja iliyojaa maji yake.

“Nimeambiwa changu kimesuguliwa kwa brashi,” alisema. “Nataka kumwona aliyekisugua. Nimemletea maji anawe mikono.”

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu alikuwa anaitazama ile chupa. Jua la dirishani lilipita ndani yake likatoka la rangi ya kutu.

“Namba za nyumba hazikufutika,” Mama Pindo alisema. “Uzi wa Wifi hautoi rangi.”

Haikuhitaji maelezo zaidi. Waligawana nyumba, kila mmoja akakimbilia zake kuomba chupa ya maji ya bombani. Brashi akakaa chini na brashi nyembamba, akaandika namba kwenye kila chupa iliyoletwa: chupa za soda, za mafuta ya kupikia, za dawa ya kikohozi, moja ya manukato. Mtaa mzima ulikuwa nje. Hata watu wa juu waliochoka kusikia habari za maji walitoa chupa zao, wengine wakitazama za chini kwa mara ya kwanza.

Saa tisa kasoro walizipanga sakafuni chini ya shuka, kila chupa chini ya namba yake. Mratibu alitaka kuzuia, akasema utaratibu hauruhusu. Mama Pindo akamwomba ashike ncha moja ya tepu ya kupimia, nafasi zilingane, na kijana, kwa malezi mazuri aliyokuwa nayo, akashika. Walipomaliza, kijana alizitazama chupa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akainama, akaing'oa ile kadi, akaitia mfukoni.

Mkurugenzi akaingia na wapiga picha. Alipita vikapu, akapita vinyago, akafika kwenye ukuta wa mbele na uso ukamchangamka.

“Hii imenigusa,” alisema. “Nyeupe juu, halafu rangi zinakolea chini taratibu. Hongereni sana, akina mama. Mmetumia rangi gani?”

“Ya bomba lako, mheshimiwa,” Mama Pindo akajibu.

“Ya nini?”

“Kila chupa imetoka nyumba yenye namba hiyo, leo saa sita mchana. Hii ni ya kwangu, tisa. Safi. Tembea nami.” Na akatembea, naye mkurugenzi, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wanamfuata, hakuwa na budi kutembea. “Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Sasa tazama hapa. Nini kipo kati ya kumi na saba na kumi na nane?”

Mmoja wa maofisa wa mkurugenzi, aliyekuwa nyuma, alisema bila kufikiri, “Si pale bomba linapopita mtaroni, mzee?” Kisha akatazama viatu vyake.

“Mama, kuna taratibu za kuwasilisha malalamiko,” mkurugenzi alianza.

“Tuliandika barua tatu, ukajibu hakuna ushahidi. Tukaleta ushahidi, karani wako akasema hapokei nguo. Tukauleta hapa, ukafuliwa. Huyu,” akamvuta Wifi mbele, “ni nyumba ishirini na sita. Mwanawe alilazwa. Mwambie yeye kwamba hautoshi. Usiniambie mimi. Mimi nina maji safi.”

Wifi aliinua chupa yake na kuishika mbele ya kifua, namba ikiangalia mbele, na hivyo ndivyo alivyotokea kwenye picha zote. Mkurugenzi alitafuta pa kuweka macho, akakuta kila mahali kuna chupa.

Siku ya nne mafundi walikuja na sururu, wakafukua kati ya nyumba ya kumi na saba na ya kumi na nane. Bomba lilikuwa limepasuka urefu wa mkono, na mtaro ulikuwa ukinywesha mtaa mwaka mzima. Walilibadilisha kwa saa tano. Saa tano! Mama Pindo alizihesabu kwenye cherehani na hakuweza kushona hata kola moja sawasawa. Hakuna aliyekuja kwa Wifi kusema pole. Barua ya idara iliyobandikwa shuleni ilieleza kuhusu “matengenezo ya kawaida”.

Taasisi ililirudisha shuka likiwa limekunjwa, pamoja na cheti cha shukrani chenye muhuri na nakshi za dhahabu pembeni. Karatasi yake ilikuwa nzito na imara, isiyojikunja. Mama Pindo aliipapasa, akaisifu kwa dhati, akaigeuza upande wa nyuma na kuchora juu yake kwa chaki. Sasa imetundikwa ukutani pamoja na nyingine, kando ya yule mgombea. Ni kola ya shati la shule, saizi ya mtoto wa Wifi.