Nilimficha Mfalme ili Wifi Yangu Akosee Hesabu

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, nguo nilizoanika jana yake zilikuwa bado mbichi, na baridi ilikuwa ya kukwaruza koo.

Jioni ya siku hiyo niliketi darasani nikiwa na mfalme wa kopa katikati ya kitabu changu cha sala.

Ndiyo, mfalme wa karata. Mimi, mwanamke ambaye kikundi chetu cha sala hunitegemea kufungua na kufunga.

Naomba mnivumilie niwaeleze ilivyokuwa.

Nina miaka arobaini na saba. Kazi yangu ni kushona sare za shule, lakini shule yenyewe niliiacha darasa la nne. Mwaka jana nikajipa moyo, nikajiandikisha masomo ya jioni. Mwezi uliofuata wifi yangu, mdogo wake mume wangu, naye akajiandikisha. Alisema anakuja kunisindikiza tu.

Akanisindikiza mpaka akanipita.

Mwalimu wetu wa hesabu ni mzee mstaafu. Alifanya kazi kasino miaka kumi na tisa, akigawa karata kwenye meza ya mchezo wa ishirini na moja. Alitusimulia kwamba wapo wachezaji wanaohesabu karata kichwani ili wajue kama kubwa zimebaki nyingi, na yeye kazi yake ilikuwa pia kuwatambua. Kamari alitukataza kabisa. Lakini alisema hajaona njia inayofundisha kujumlisha na kutoa haraka kama ile.

Sheria yake nyepesi. Karata ya mbili mpaka sita, unaongeza moja. Saba, nane na tisa, unaziacha zipite. Kumi, picha zote na ree, ile yenye herufi A, unatoa moja. Ukihesabu karata zote hamsini na mbili bila kukosea, unamaliza na sifuri.

Mara ya kwanza niliomba kabla ya kuzigusa. Nilisema, Mungu wangu, unaujua moyo wangu, hizi ni hesabu tu.

Ili tuongeze kasi, mwalimu alitukataza kutaja jina la karata. Angalia mbili mbili, alisema. Mfalme na tatu zikikutana zinafutana, usipoteze muda nazo. Na mdomo ufungwe. Wahesabuji wengi aliwajua kwa midomo yao.

Mdomo ndio ulionishinda. Mimi tangu utoto nasali midomo ikicheza, basi na hesabu zikafuata njia hiyo hiyo.

Wifi alikuwa anamaliza pakiti kwa sekunde ishirini na nne. Mimi arobaini na moja, na hapo nimejikaza mpaka jasho.

Siku moja aliniangalia mbele ya darasa zima, akauliza, "Wifi, hapo unahesabu au unasali?"

Watu walicheka. Fundi bomba anayekaa nyuma akasema kama nasali nisimsahau na yeye, ana mtihani wa sehemu. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Nyumbani ndiko kulikozidi. Mume wangu akawa anamwita dada yake aje apimwe muda mezani, yeye ameshika simu. Akimaliza, anapiga paja na kusema huyu kichwa. Mimi nilikuwa naosha vyombo pale pale. Hakuna aliyeniuliza sekunde zangu.

Sasa nitubu na jambo jingine. Nikipotea katikati ya pakiti, nilikuwa siambii mtu. Napitisha karata mpaka mwisho, nasema sifuri. Si jibu lilikuwa linajulikana?

Kisha mwalimu akatangaza kwamba darasa jipya la Jumamosi linaanza, la watu wazima wasiojua hesabu kabisa, na anahitaji msaidizi mmoja wa kusimama ubaoni. Atatupima Alhamisi, mimi na wifi, kwa sababu ndio tulioomba. Atachukua mwenye hesabu sahihi. Kasi ataiangalia baadaye.

Ndugu zangu, niliitaka nafasi ile kuliko chochote. Mtu aliyeacha darasa la nne aitwe mwalimu. Nilifunga siku mbili nikiiombea.

Nilimwomba Mungu anisaidie. Halafu, na hili naliandika kwa aibu, nilimwomba wifi akosee.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kufuta ubao kabla ya kipindi. Pakiti ilikuwa juu ya meza ya mwalimu, chumba kitupu. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikachomoa mfalme wa kopa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mfalme ni wa kutoa moja. Asipokuwepo, wifi atamaliza na ziada ya moja. Atachanganyikiwa, atarudia, atajikanyaga. Ikifika zamu yangu nitamrudisha mfalme wakati wa kuchanga karata, nitasema sifuri, basi.

Wifi akaitwa. Akachukua pakiti, mdomo umefungwa, vidole vinakwenda kama sindano ya cherehani. Akafika mwisho.

"Sifuri," akasema.

Nilishtuka. Mfalme ninaye mimi, sifuri ameitoa wapi?

Kisha nikafurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Kumbe na yeye anabahatisha. Kumbe kichwa chote kile kinachopigiwa paja nyumbani ni cha kusema sifuri tu, kama changu.

Mwalimu aliandika jibu lake. Akaniita.

Sikumrudisha mfalme. Nilitaka darasa zima lijue. Nikapitisha karata huku namwangalia wifi kwa pembe ya jicho, wala sikuhesabu hata moja, midomo ikicheza ili nionekane nahesabu. Mwisho nikainua kichwa.

"Ziada ya moja," nikasema. Sauti ilitoka na kujiamini kote.

Mwalimu akavua miwani. Akatuambia sote wawili tumekosa. Asubuhi, nyumbani kwake, alitoa nne ya shupaza ili awakamate wanaosema sifuri kwa mazoea. Nne ni ya kuongeza moja, kwa hiyo jibu ni pungufu ya moja. Akaitoa nne mfukoni, akaiweka mezani.

Wifi alisimama. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Mwalimu, nimehesabu. Zipangeni mezani zote tuone."

Zikapangwa. Fundi bomba akazihesabu kwa sauti, moja moja, na ile nne. Zikawa hamsini na moja.

Mfalme wa kopa hayupo.

Mwalimu akaeleza polepole. Nne imetoka, mfalme ametoka, moja imefuta nyingine. Wifi alipopata sifuri alikuwa amehesabu kweli, karata kwa karata.

Halafu akanigeukia, hata hakukasirika. "Mama, ziada ya moja asingeipata mtu aliyehesabu. Ingeweza kusemwa tu na anayejua mfalme hayupo."

Nilifungua kitabu cha sala mwenyewe. Nikamweka mfalme mezani karibu na nne. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wangecheka.

Wifi akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia unaitaka hivyo, wifi. Ungeniambia tu."

Hilo ndilo lililonivunja.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote anayemwonea wivu mtu wa karibu. Miezi ile yote niliyokuwa namchungulia wifi anavyohesabu, ningekuwa nimeshajifunza kufunga mdomo na kuangalia mbili mbili. Niliomba mwenzangu apungukiwe, na nikadhani hiyo nayo ni sala.

Mwalimu alimpa wifi nafasi. Kabla watu hawajatoka nikaomba nisimame.

Nikasema mbele ya mwalimu, mbele ya fundi bomba na wenzangu kumi wa darasa:

"Jumamosi nitakuja kuanza upya na wasiojua kitu, nikae mstari wa mbele. Nikipotea katikati nitasema nimepotea. Na wewe, wifi, kuanzia leo nakuita mwalimu. Hapa, na nyumbani mbele ya kaka yako."