Mwindaji Aliyekula Dengu

Chaman Singh aliacha kula mwezi wa pili, wiki ileile walipomsindikiza mwanawe Manjit kwenye tanuri la kuchomea maiti, na hakumtangazia mtu. Alisogeza sahani tu. Ukimuuliza, hakusema hataki, alisema "baadaye", na baadaye yake ikaenda ikaenda mpaka mkanda wa suruali ukahitaji matundu mapya. Akayatoboa mwenyewe kwa msumari, yakapangana vizuri kama ya kiwandani. Alikuwa fundi, na fundi hata akikonda hukonda kwa vipimo.

Binti yake Gurpreet alikaa Walthamstow, upande mwingine wa London, na alifanya kazi kaunta ya duka la dawa. Kila siku yake ya mapumziko alipanda treni ya Victoria line, akabadilisha Green Park, akashuka Kingsbury na mikebe ya chakula ingali na uvuguvugu. Jioni alirudi nayo ikiwa na uzito uleule. Daktari alimpima mzee, akaona hana ugonjwa wenye jina, akaandika vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye ladha ya vanila. Baada ya muda Kalpana, jirani, akasema hajui paka wake amepatwa na nini, ananenepa tu. Gurpreet alijua paka amepatwa na nini.

Huzuni ya nyumba ile ilikuwa na adabu sana. Jina la Manjit halikutajwa. Kiti chake hakikukaliwa, wala hakikuondolewa. Baba na binti walizungumza habari za boiler ya maji moto na za Kalpana, na baba alipozungumza aliangalia mlango, kana kwamba yule anayezungumza naye ni wa muda tu, mwenyewe anakuja.

Kilichobaki cha Manjit kilikuwa safari. Alikuwa ameilipia mwaka mmoja kabla, yeye na baba yake, Sweden, kuwinda moose. Kiswahili hakijampa mnyama huyo jina, na Chaman Singh hakungoja kamati. Alipoonyeshwa picha alisema ni pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe wa pori la kwetu, aliyeharibiwa na baridi akavimba pua, na tangu siku hiyo akawa pofu.

Hapo lazima turudi Arusha kidogo, maana mtu haanzi kuwinda pofu wa baridi akiwa na miaka themanini na kitu bila sababu.

Arusha, Chaman Singh alikuwa na gereji, na mtaa mzima ulimwita Singasinga hata pale walipokuwa wanalijua jina lake. Katikati ya wiki alilala chini ya Land Rover za watu. Mwisho wa wiki alichukua bunduki, leseni, na Amir, fundi mwenzake, Mrangi wa Kondoa, akaenda porini. Nyumbani kwao Kipunjabi kilikuwa cha sala na cha kugombana, Kiingereza kilikuwa cha benki, na Kiswahili kilikuwa cha injini na cha kuwinda. Hata London, miaka yote hii, mzee akianza Kiswahili ghafla ulijua kuna gari limeharibika au amekumbuka mnyama.

Sasa, wale wawili walikuwa na utaratibu. Chaman alipiga, na Amir alikimbia. Alikimbia na kisu mkononi amwahi mnyama akiwa bado ana pumzi, amchinje kwa bismillah, kwa sababu gerejini na mtaani wengi walikuwa Waislamu, na mnyama akifa kwa risasi tu ni kibudu, hawamgusi. Amir akiwahi, mtaa unakula. Lakini dini ya Chaman Singh nayo ina sharti lake: Singasinga mwenye kushika mambo hali nyama iliyochinjwa hivyo. Kwa hiyo kila Amir alipowahi, na Amir alikuwa na mbio, mwenye bunduki alijinyima kitoweo chake. Aliwinda miaka na miaka, akalisha watu ambao wengine hakuwajua majina, na hakuonja hata figo.

Alirudi nyumbani akakuta mkewe amepika dengu. Mama hakuruhusu viatu vya porini viingie jikoni, basi alikaa mlangoni kwenye kigoda, na Manjit pembeni yake na vyake vidogo, na mama akawapakulia huku akisema, "Umeshalisha Arusha nzima, haya, na wewe pata dengu zako." Alikula sahani, akaongeza, akaongeza. Watu wazima walicheka. Gurpreet hakuwahi kupelekwa porini, kwa kuwa alikuwa msichana, na ndiyo sababu nzima iliyotolewa. Kuwinda, kwa upande wake, kulikuwa ni kuosha masufuria.

Kwa hiyo Manjit alipoilipia ile safari aliwatangazia watu wote wa Kingsbury Road, mpaka muuza mboga. Safari hii Baba atakula nyama yake mwenyewe, alisema, huko Sweden hakuna Amir wa kumwahi. Alinunua begi la mgongoni, buti, koti la rangi ya chungwa, akafunga mizigo miezi tisa kabla ya siku, maana alikuwa mtu wa kufunga mapema. Kisha, asubuhi moja ya baridi, akaanguka kwenye ngazi za stesheni, na mizigo ikabaki imefungwa.

Gurpreet alidhani baba atakataa kwenda. Baba alisema, "Tiketi ipo." Basi binti akabeba begi lilivyo, akavaa koti la kaka yake lililomfunika vidole, na buti zake zilizotaka soksi mbili. Hakuwa na hamu ya kuua mnyama yeyote. Alikuwa na mpango mmoja tu, mpango wa mtu wa duka la dawa: mzee akila windo lake, mara moja, hata kipande, njia ya chakula itafunguka. Alikwenda Sweden kama mtu anayekwenda kuchukua dawa.

Mwenyeji wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mbwa aliyeelewa zaidi ya wanafunzi wake. Aliwaweka juu ya kijukwaa cha mbao pembezoni mwa msitu, akawapa bunduki ya kuazima, akaenda zake na mbwa kumtafuta mnyama. Kwenye kibanda walikolala kulikuwa na mashuka na mablanketi ya kutosha, basi lile begi walilichokonoa juu tu, nguo na soksi.

Pale jukwaani Chaman Singh akaanza kuongea. Kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, sentensi nzima nzima, jambo ambalo Gurpreet hakuwa amelisikia tangu msiba. Alimwambia asijikune, asiangalie mnyama machoni, asikie mbwa analia vipi, sasa anafuata, sasa amemsimamisha. Alimsogeza bega kwa kidole ili upepo usimpelekee mnyama harufu yake. Binti, aliyepita miaka hamsini, aliyelea watoto wawili na kuzika mume, alikaa akifundishwa kuwinda, na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi. Mara moja tu mzee aligeuka kumwonyesha kitu, akaliona lile koti kwanza, kisha uso uliokuwa ndani yake. Akageuka tena mbele.

Pofu wa baridi alitoka kwenye miti kama kabati linalohamishwa. Chaman Singh alipiga mara moja. Mnyama akapiga hatua kadhaa, kama aliyesahau kitu, akapiga magoti.

"Amir," mzee akasema, si kwa sauti kubwa. "Wahi, wahi."

Wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri kwamba Amir alizikwa Kondoa zamani. Yeye ndiye aliyetuma rambirambi. Mdomo ulifanya kazi yake ya siku zote, basi. Lakini hakuna aliyekimbia, na yule mnyama alikuwa bado anapumua, na Gurpreet akamwona baba yake anashuka ngazi ya mbao mgongo mbele, akavuka kinamasi na kisu cha mwenyeji kilichokuwa kimechomekwa kwenye nguzo. Mwenyeji alishafika, ameinua bunduki ammalize. Mzee akamwinulia kiganja. Akapiga magoti, akasema bismillah, akakata.

Kama kisheria inafaa, Singasinga kusema neno hilo kwa niaba ya Mrangi aliyekwisha kufa, wanazuoni wapo. Gurpreet alichokiona ni dawa yake inamwagika kwenye majani.

"Baba," akasema. "Sasa wewe utakulaje?"

"Nani alikwambia nimekuja kula?"

"Manjit." Lilimtoka, na lilikuwa limetajwa.

Mzee alifuta kisu kwenye majani, upande huu, upande huu. "Anayekula windo peke yake ni fisi," akasema. "Muulize huyu mwalimu. Waislamu hapa wako wapi?"

Walikuwapo, kwa kuwa siku hizi wapo kila mahali kwenye baridi. Mwenyeji alimjua mama mmoja aliyepika jikoni shuleni, wa Kismayu, akampigia simu. Akaja na ndoo mbili na mwanawe wa kike wa kumkalimania. Aliposikia mzee mwenye kilemba anaongea Kiswahili alikaa chini kwa mshangao, na kwa muda kibanda kile kikawa na vicheko. Walinywa chai. Alimuuliza habari za Arusha, naye akamweleza ya Kismayu ambayo hayakuchekesha. Kisha akauliza, kwa heshima, kama mtu anavyouliza bei:

"Mzee wangu, kachinja nani?"

Gurpreet alimtazama baba yake. Angeweza kusema Amir. Jina lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, lilishatumika mchana ule.

"Mimi," mzee akasema.

Yule mama akaangalia mikono yake, akaangalia ndoo. "Nyama ni nzuri, na moyo wako Mungu ameuona," akasema. "Lakini mimi siwezi, baba yangu. Nisamehe."

"Umesema kweli, mama."

Alimaliza chai yake, maana kuondoka bila kuimaliza kungekuwa tusi, akaenda na ndoo zake tupu. Nyama wakagawana mwenyeji na wenzake wa kijijini, ambao hawakuwa na sharti lolote ila la kulipa kodi. Pofu mzima, mzito kuliko ng'ombe, na waliomfuata kutoka London hawakuonja. Usiku ule mzee alisema "baadaye". Kwenye ndege alisema "baadaye". Gurpreet alihesabu kwamba safari imeshindwa, na akapanga kichwani namna ya kumwambia daktari.

Walifika Kingsbury mchana, mvua ile isiyo na haraka. Chaman Singh hakwenda sebuleni. Alikaa mlangoni mwa jiko, kwenye kigoda cha kubadilishia balbu, na buti zake, mikono magotini. Gurpreet alimruka akaingia kufungua begi, nguo chafu ziende mashineni. Akatoa soksi, akatoa fulana, akalitingisha, likawa bado zito. Chini kulikuwa na mfuko wa zipu, ule wa kuwekea blanketi la kulalia. Hawakuufungua kule, kwa kuwa mablanketi yalikuwapo.

Ndani kulikuwa na sufuria ndogo mpya. Ndani ya sufuria kulikuwa na dengu, kwenye mfuko wa lile duka la Kingsbury Road, mdomo umekazwa kwa waya uliosokotwa kifundi. Manjano kidogo kwenye karatasi, binzari nyembamba, chumvi, tangawizi iliyokwisha kukauka ikawa kama kidole.

Gurpreet alisimama nazo mkononi. Mbele ya muuza mboga, mbele ya kila mtu, kaka yake alitangaza nyama, na dukani akanunua dengu. Hakuwa na mpango wowote wa kumlisha mzee moose. Alijua kisu kitapita tu, Amir awepo asiwepo, na alijua atakayemaliza kukata atakaa mlangoni na njaa.

Akaziosha, akabandika. Binzari ilipoingia kwenye mafuta, kigoda kikalia.

"Umenunua wapi hizo?"

"Sikununua. Zilikuwa kwenye begi."

Mzee akanyoosha mkono. Gurpreet akampa kile kijiwaya. Chaman Singh akakigeuza, akakikunjua, akakikunja tena vilevile, mizunguko ileile, namna aliyomfundisha mtoto chini ya gari miaka hiyo.

"Aliniambia nyama," akasema. "Manjit. Miezi yote ananiimbia nyama, nyama. Mwongo mkubwa."

Na hapo akalia, kwa sauti, kama mtu aliyepigwa, kigoda chote kikitikisika, na Kalpana upande wa pili wa ukuta akazima redio yake. Gurpreet hakumnyamazisha. Alipakua. Baba akaipokea sahani akiwa analia, akala akiwa analia, bila kuangalia, kijiko juu ya kijiko, mpaka akasugua chini.

Gurpreet akageukia sinki, mkono ukatafuta bomba wenyewe.

"Preet," baba yake akasema. Alikuwa anamtazama yeye, si mlango. "Acha masufuria. Njoo ule, zinapoa."

Dengu zilibaki za sahani moja kamili, kwa kuwa aliyelifunga begi alipima za wawili. Gurpreet akavuta ndoo ya kupigia deki, akaigeuza, akakaa mlangoni pembeni ya baba yake, na akala fungu la kaka yake lote, ingawa hakuwa na njaa, na buti za kaka yake zilikuwa bado miguuni.