Oili ya Gia kwenye Njia ya Chitete

Asubuhi ile ya Jumamosi pikipiki yangu ilizimika katikati ya kilima ikiwa kwenye gia ya nne, kwa sababu ilikataa kurudi ya tatu. Nilikanyaga pedali ya gia kwa kisigino mara kadhaa, lakini haikusogea. Mzee mwenzangu wa kanisa, aliyekaa nyuma akiwa amepakata kisanduku cha Meza ya Bwana, alishuka taratibu, akapangusa vumbi kwenye suruali.

"Mchungaji, nilikwambia tangu tulipopita pale Mpemba. Huyu punda wako anakohoa."

"Uliniambia anakohoa. Hukuniambia atalala."

Mimi ni mchungaji mstaafu. Bado natumwa kwa wagonjwa, na namshukuru Mungu kwamba miguu inakubali. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kwa bibi mmoja anayekaa na binti yake kijijini, kabla hujafika Chitete. Bibi yule ni wa kizazi kilichofundishwa kutotia kitu kinywani kabla ya kupokea Meza ya Bwana. Kwa mwenye afya huo ni mfungo mdogo. Kwake lilikuwa jambo jingine, maana dawa zake hazimezwi tumbo likiwa tupu, na tangu jana yake jioni hakuwa amekula.

Binti alikuwa amenipigia simu kabla hatujaondoka. "Baba, mama amekataa uji. Na dawa amekataa."

Nilimwambia amweleze kwamba Mungu hamnyimi mgonjwa uji. Nikamsikia akiongea pembeni, kisha akarudi. "Anasema uje umwambie mwenyewe."

Kwa hiyo pale kilimani sikuwa nahesabu hasara ya pikipiki. Nilikuwa namwona yule bibi kitandani, midomo imekauka, akisubiri. Barabara ilikuwa tupu, pande zote mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Tulisali kwa kifupi. Mwenzangu aliitikia amina, kisha akasema gia boksi imekufa, tuanze kusukuma.

"Umejuaje kama imekufa?"

"Kitu kikikataa kusogea, kimekufa."

"Hata wewe asubuhi hukataa kusogea."

Alicheka, akakaa juu ya jiwe na kisanduku chake. Mimi nilibaki naitazama ile mashine. Nimekaa na pikipiki miaka mingi na ndani yake siijui sana, lakini nimejifunza kwamba ukiiuliza swali moja moja, hujibu. Injini ikiwa imezimwa, niliisukuma mbele na nyuma kidogo huku nakanyaga gia. Ya tatu ikaingia. Ya pili, ya kwanza. Kisha ikakaa frii, yaani pale ambapo hakuna gia iliyoshika. Nikapanda nazo tena hadi ya nne. Zote ziliingia kwa mlio mwepesi, safi.

"Zinaingia zote," nilisema.

"Sasa mbona zilikataa?"

Hilo ndilo lilinivutia. Gia zilizokufa hazifufuki kwa sababu injini imezimwa. Niliirudisha frii, nikapiga kiki, nikashika klachi hadi mwisho, nikatia namba moja. Pikipiki iliruka mbele kama imechomwa, ikazimika. Mwenzangu alikumbatia kisanduku.

"Umeachia klachi!"

"Sijaachia. Njoo uone mkono wangu."

Alikuja kuangalia. Kweli vidole vyangu vilikuwa vimebana klachi hadi kwenye mpini. Basi tatizo halikuwa kwenye gia. Klachi ndiyo kazi yake kuitenga injini na gia kwa muda, ili gia ipate nafasi ya kubadilika. Ya kwangu ilikuwa haitengi.

Nilianza na waya. Ulikuwa umelegea, mkono wa klachi ukicheza sana kabla haujaanza kuvuta. Nilizungusha nati iliyo kwenye mpini hadi ukabaki mchezo mdogo tu. Nikapiga kiki tena. Safari hii haikuruka, ilijikokota mbele hata nikiwa nimeshika klachi, kisha ikazimika. Ilikuwa nafuu, lakini bado haikuwa imepona.

Nilifungua kipimo cha oili, nikakichomoa. Oili ilining'inia nchani kama asali ya baridi, haitaki kudondoka. Mwenzangu alisogeza pua.

"Hii si ile ya mnada?"

Ilikuwa yenyewe. Kanisani kwetu watu hutoa sadaka ya vitu, na baada ya ibada tunaipiga mnada: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Kwetu Tunduma kuna malori, hivyo tunapata na sadaka za malori. Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri kuvuka mpaka alitoa dumu la oili. Wazee walishindana kwa vicheko, mwenzangu huyu akashinda, akanikabidhi mbele ya watu. Kwa kuwa gia zangu zilikuwa zimeanza kuwa nzito, na dumu lilikuwa na picha ya meno ya gia, niliona Bwana amejibu. Ijumaa nikamwaga oili ya zamani, nikatia ile.

Pale barabarani ndipo nilipofikiri vizuri. Lori lina oili ya injini mahali pake na oili ya gia mahali pake. Pikipiki kama yangu ina tumbo moja: injini, gia na klachi vyote vinaoga humo humo. Gia zilikuwa nzito kwa sababu ya waya uliolegea. Mimi nikaongeza oili nzito, na klachi ikazidi kunata.

"Kwa hiyo sadaka yangu ndiyo imetulaza hapa," alisema mwenzangu.

"Sadaka yako ni njema. Ni ya lori tu."

Tuliisukuma hadi juu, kisha ikateremka yenyewe ikiwa frii mpaka kwenye maduka matatu chini ya kilima. Mama mwenye duka alikuwa na chupa za oili ya pikipiki, kwa ajili ya bodaboda. Alituazima spana na karai bovu. Ile nzito ilitoka polepole mno, mama yule akatuuliza kama tumepika uji wa ulezi. Tulipotia mpya nilishika klachi, nikatia namba moja. Pikipiki ilitulia palepale, injini ikiunguruma, ikisubiri niiachie.

Tulifika jua likiwa limepita utosi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cheupe kichwani, ametegemezwa mito. Sikumhubiria habari za uji. Nilitandika kitambaa, nikasoma, nikampa mkate na divai. Aliitikia kila neno kwa sauti ndogo, bila kukosea.

Binti alileta bakuli. Bibi akanywa vijiko viwili, akapumzika.

"Mmecheleweshwa na nini?"

Nilimweleza kwamba klachi ni sahani zilizopangwa kama chapati, na zikipata mafuta mazito zinagandana, ukivuta moja nyingine inafuata.

"Ngapi?"

"Sijawahi kuzifungua, mama."

"Utazifungua uje uniambie," alisema, akafungua mdomo kwa kijiko cha tatu, huku binti yake akitayarisha vidonge kiganjani.