Maneno Yaliyobanduliwa Kwenye Makopo

Binti yangu wa pili, ambaye mtaani wanamwita Msumari, aliuza unga wa virutubisho tangu ana miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la duka hilohilo, najaza makopo na kubandika lebo. Sote wawili tulikula kwa duka lile, ndiyo maana kila asubuhi nilimwomba apunguze mdomo.

Lebo za zamani ziliandikwa "Hutibu sukari na presha." Siku moja akaja mkaguzi wa serikali, mama mmoja mpole, akazisoma akiwa amesimama. Akasema unga ule umesajiliwa kama chakula cha nyongeza, si dawa, kwa hiyo haturuhusiwi kudai unatibu ugonjwa wowote. Wiki nzima nilizibandua kwa maji ya moto mpaka kucha zikauma. Lebo mpya zikasema "Huongeza lishe," basi.

Tajiri, mwenye duka, hakushtuka. Akamwita Msumari. "Tumekatazwa kwenye karatasi. Mteja akikuuliza, mwambie kwa mdomo."

"Mkaguzi amekataza na mdomo. Nilikuwepo."

"Mkaguzi ameshaondoka."

"Mimi sijaondoka."

Nilimkazia macho kutoka nyuma ya pazia. Akajifanya hanioni.

Alhamisi akaja dereva mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Akaweka juu ya kaunta mfuko wa vidonge vya sukari alivyopewa hospitali. "Binti, nimechoka na hivi. Nikinywa unga wenu, niviache?"

Tajiri alikuwa amekaa pembeni na simu yake. Akakohoa. Kikohozi kile tulikijua maana yake.

"Usiviache, baba," Msumari akasema. "Hiki ni chakula tu. Hakitibu sukari."

"Mbona mwaka jana ulisema kinatibu?"

"Nilikudanganya. Naomba radhi."

Tajiri akainuka. "Wewe mtoto, mama yako yuko nyuma pale, anakula kwa makopo haya. Umemfikiria?"

"Mama yangu ana presha. Anashinda kwenye unga wako kutwa nzima, na bado anameza vidonge vya hospitali. Muulize kwa nini."

Dereva akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilitamani kuingia ndani ya gunia.

"Kama unga unatibu, mwambie mzee wewe, bosi," Msumari akaendelea. "Huyo hapo."

Tajiri akamgeukia dereva. "Mzee, unga huu unasaidia sana mwili."

"Sijauliza mwili. Niviache, nisiviache?"

Tajiri akautazama ule mfuko. Akajikuna shingo. "Endelea navyo," akasema kwa sauti ya chini. Dereva akachukua mfuko wake, akaenda zake bila kopo.

Jioni Msumari akaambiwa asirudi. Nililia njia nzima, nikimsihi akaombe msamaha.

"Ataje kosa, mama, nami nitaomba."

Kesho yake nilimkuta mlangoni pa duka, amekwishavaa aproni. Tajiri akafika na funguo. "Si nilikufukuza?"

"Ulinifukuza kwa mdomo. Niandikie barua, na sababu uiweke. Nitaipeleka ofisi ya ukaguzi wanisomee."

Tajiri akazungusha funguo mkononi, akanitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Nikatazama chini. Huu ni mwaka wa pili na barua hiyo hatujaiona. Siku ile alifungua mlango tu, Msumari akatangulia kuingia.