Daftari la Fundi wa Sakafu

Sakafu ya ghorofani katika nyumba ya mama yangu, hapa Magoudjou, ilikuwa imeliwa na mchwa, ukiikanyaga inalia. Binti yangu alikuwa anaolewa, na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo chumba kilikuwa lazima kiwe tayari. Nikavuka bahari hadi Mutsamudu kutafuta fundi. Nikarudi na mtu mmoja mrefu, mkimya, na shehena ya mbao za takamaka.

Siku ya kwanza tu machale yakanicheza. Alizipanga mbao chumbani, akatenganisha kila moja kwa vijiti, kisha akakaa siku kumi bila kupiga msumari hata mmoja. Eti lazima zizoee hewa ya nyumba. Nimefundisha shule miaka mingi, mvivu namjua, na huyu hakuwa mvivu. Alizunguka nyumba nzima akiuliza. Kabati la bibi harusi litakaa wapi? Chini ya chumba hiki analala nani? Kitanda chake kiko upande gani? Majibu aliyaandika kwenye daftari dogo, pamoja na ramani ya vyumba.

Aliyelala chini ni mdogo wangu, mwanamume asiye na breki mdomoni. Alikwisha kulala korokoroni kwa ajili ya karatasi za kuwasema mamluki, wale Wazungu wa kambini waliokuwa wakiamua nani alale kwake na nani asilale. Wakimchukua mara ya pili, sikutegemea kumwona tena. Basi mtu anayetafuta kitanda chake nimweleweje?

Kisha jirani akaniambia kwamba fundi huyu ndiye aliyeweka sakafu katika nyumba ya mamluki mmoja, njia ya Ntsoudjini. Wamemtuma, nikajiambia. Asubuhi nikampa chai na mkate kwa tabasamu, na alipouliza tena nikamdanganya kwamba chini ni stoo. Akaandika, ingawa mlango wa chini ulikuwa wazi, chandarua kinaonekana.

Nikaamua kumwahi kabla hajatuwahi. Nilikuwa na binamu, karani kambini. Nikamtembelea, tukazungumza harusi, na wakati wa kuaga nikamwambia kwamba fundi wangu ana daftari lenye ramani za nyumba za watu na mahali wanapolala. Nilijiona mjanja sana: kama ni mtu wao, watajua amegundulika na watamwondoa, kama si wao, hawatakuwa na haja naye.

Kesho yake walimchukua, yeye na daftari. Haikunijia kabisa kwamba ndani yake kulikuwa pia na nyumba ya yule mamluki, na kitanda chake.

Alirudi siku ya nane. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa na vidole viwili havikukunjika. Mdogo wangu akawa anamshikia mbao, huku akimlaani aliyemsingizia fundi wa watu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nasikiliza laana zangu. Mwishowe nikamuuliza fundi kwa nini alitaka kujua anayelala chini.

"Bweni," akasema, kama mama wa heshima anavyoitwa kwetu, "sakafu ya tabaka moja huangusha vumbi. Juu ya kitanda cha mtu naweka mbao mbili mbili, maharusi wakitembea asiamke na mchanga machoni."

Nilitaka kumwambia ni mimi. Niliona aibu, na niliogopa. Sijamwambia mtu mpaka leo.

"Daftari hawakunirudishia," akasema. "Safari hii nionyeshe mwenyewe kitanda kiko wapi."

"Chini ya dirisha," nikamjibu.

Nilimletea daftari jipya la shule. Akalisukuma pembeni taratibu, akapiga magoti, akaweka alama ya penseli kwenye boriti, mahali ambapo mbao zingeifunika.