Ugonjwa wa Mizizi Ambao Haukuwapo

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mtunza bustani wa hospitali anainama kwenye geti dogo la mbao la bustani ya nyuma, anashika beseni la bluu kwa mikono miwili na kumwaga maji yenye dawa kwenye mfereji. Analigeuza beseni, analikung'uta. Kisha anang'oa kibao kilichopigiliwa juu ya geti: OSHA VIATU KABLA YA KUINGIA.

Mfagiaji wa wodi ya wazazi, mwanamke mwenye sauti inayofika mpaka mapokezi, anakuja na ndoo yake. Kwa mazoea ananyanyua mguu wa kulia, anatafuta pa kuuchovya, hapaoni.

"Fundi Maua, beseni liko wapi? Au leo na lenyewe limelazwa?"

"Nimelitoa."

"Ugonjwa umepona?"

"Haukuwapo, dada. Hapakuwa na ugonjwa wowote humu. Nilidanganya."

Mfagiaji anacheka, anajipiga paja. Anapomtazama usoni, kicheko kinakatika.

"Miaka mitano nalowanisha soksi zangu, Fundi?"

"Miaka mitano na miezi miwili."

"Wewe mtu!" anasema. Anabeba ndoo na kuingia wodini, njia akaiacha bila kuifagia.

Hospitali nzima inamwita Fundi Maua. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na saba kati ya hiyo ameimaliza ndani ya uzio huu. Walianza watunza bustani watatu. Wawili walistaafu, nafasi zao hazikujazwa, na sasa toroli, mpira wa maji na majani yote ni ya kwake peke yake. Mshahara wake, anasema, ukifika tarehe kumi na nne unakuwa tayari unachechemea.

Lakini hayo si anayoyaonea aibu.

Nyuma ya wodi ya wazazi kuna benchi la saruji chini ya dirisha. Hapo hukaa akina mama waliojifungua na mtoto asiwe hai. Ndani hawakai, kwa sababu ndani vitanda vya jirani vina watoto wanaolia. Kwa miaka mingi aliyekaa hapo alitazama ukuta na bomba la maji machafu. Mke wa Fundi Maua alikaa hapo siku mbili, miaka kumi na sita iliyopita.

Aliyebadilisha mahali hapo ni mkuu wa wauguzi wa wodi hiyo, ambaye wote humwita Sista. Alipomzika mama yake, alipita njia ya mlimani ambako marehemu alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Pembeni mwa njia paliota mmea wa porini, ndugu yake kunde na maharage, wenye majani matatu matatu na maua ya bluu yaliyopangana kwenye shina. Kwa mbali ungedhani ni maharage yaliyokataa kutambaa. Alichuma konzi moja ya maganda makavu. Nusu ya mbegu alizipanda kwake, nusu akazileta nyuma ya wodi.

"Aliniambia mambo matatu tu," anasema Fundi Maua. "Usiimwagilie kila siku, usiitilie samadi, na usiihamishe. Alisema mzizi wake unashuka chini kama msumari, ukiukata umeiua."

Mwaka wa tatu mimea kumi na minane ilichanua yote kwa pamoja. Akina mama wa kwenye benchi walianza kuulizana jina lake. Hapakuwa na aliyelijua. Wakaliita ua la Sista.

Kisha ikaja habari ya mgeni mkubwa wa kufungua jengo jipya. Sista alikuwa likizo ya wiki mbili. Mkuu wa utawala alitaka maua mlango wa mbele, na bustani ya mbele ilikuwa imekauka.

"Hakuniamuru nichukue yale," anasema. "Alisema tu, 'Fundi, fanya ufundi wako.' Kichwa kikavimba. Nimehamisha miti mizima hapa, nikajisemea kichaka cha kufika kiunoni kitanishindaje?"

Alichimba mimea yote kumi na minane. Jembe lilikata mizizi mmoja baada ya mwingine, na anakumbuka aliusikia kila mmoja ukikatika. Akaipanda mbele, akaitilia samadi mbichi, akaimwagilia asubuhi na jioni. Siku ya nne majani yalikuwa ya njano. Mgeni alipofika, aliingizwa kwa mlango wa pembeni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Maua hakuyaona kabisa. Siku ya tisa yote yalikuwa yamekufa.

Sista aliporudi kazini, alimkuta Fundi Maua amesimama nyuma ya wodi, mbele ya mashimo kumi na manane.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli," anasema. "Nilikuwa nimeirudia njia nzima nikitoka nyumbani. Akaniuliza kwa upole, 'Imekuwaje, mwanangu?' Ule upole ndio ulionivunja. Nikashika mzizi mmoja uliokufa, nikamwonyesha vivimbe vyake. Nikasema, 'Ni ugonjwa wa mizizi, Sista. Ulianza kwa huu, nikaing'oa yote usienee. Unatembea na udongo wa viatuni.'"

Mkulima yeyote wa kunde anavijua vivimbe hivyo. Ni vidogo kama shanga, vimeshikana na mizizi, na ndani yake wanaishi vijidudu wanaoulisha mmea na kurutubisha udongo. Kunde isiyo navyo ndiyo ya kuhurumiwa. Fundi Maua alijifunza hayo kidato cha pili, somo la kilimo.

"Swali hilo liliulizwa kwenye mtihani," anasema, macho yakiwa chini. "Nililijibu, nikapata."

Sista hakujua. Alishukuru. Kesho yake beseni la dawa liliwekwa kwenye geti, kibao kikaandikwa, na wafanyakazi wote wakaanza kuosha viatu kwa sababu ya ugonjwa ambao mtu mmoja alijua haupo. Ilibidi na yeye aoshe. Alikuwa wa kwanza kila asubuhi.

Anasema hayo yote angeweza kuyameza, isingekuwa sherehe ya kumuaga Sista, mwaka uliofuata. Ukumbi ulijaa. Sista alitaja madaktari, akataja wakunga, kisha akamwita Fundi Maua asimame.

"Akasema, 'Huyu aliniwahi. Nilikwenda nyumbani nikachimba, nikakuta vivimbe vilevile. Nikaing'oa mimea yote ya mama yangu nikaichoma, na mbegu nilizoweka kwenye kopo nikazichoma. Bila yeye ningeambukiza mtaa mzima.' Watu wakanipigia makofi."

Anakwangua udongo kwenye kucha kwa kijiti.

"Nilikuwa nimeua mimea kumi na minane kwa jembe. Ile ya kwake niliiua kwa mdomo."

Usiku huo mke wake alimuuliza mbona mtu aliyesifiwa hali chakula. Akasema tumbo linamsumbua. Miaka miwili ikapita.

Kilichomfichua ni mtaro. Mafundi bomba walikuja kuchimba nyuma ya wodi, wakapindua udongo wa chini ukaja juu. Mvua za kwanza ziliponyesha, vichipukizi vya majani matatu matatu vilitokeza kando ya mtaro. Mbegu za mmea huu zina ganda gumu kama kokoto, na zinaweza kulala ardhini miaka zikingoja kuguswa. Alihesabu kumi na moja. Alipiga magoti kwenye matope.

"Watu wanadhani nilifurahi," anasema. "Niliogopa. Nilijua ikichanua nitaulizwa imetoka wapi, na ule ugonjwa umekwenda wapi."

Safari hii aliyafuata yale mambo matatu yote. Aliizungushia vijiti, akawafukuza mafundi bomba kama anayefukuza kuku. Hakuimwagilia hata majani yalipolegea mchana. Mwaka wa kwanza haikutoa ua hata moja. Mwaka huu, shina la kwanza lilipoonyesha bluu, alikwenda nyumbani akamweleza mke wake yote.

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, 'Mimi nilitazama bomba siku mbili, baba. Wenzangu uliwapa maua, ukawanyang'anya, ukawaambia yalikuwa yanaumwa.' Halafu akasema, 'Sista akisikia kwa mwingine, usirudi hapa kulalamika.'"

Jumamosi iliyofuata, kabla hajatoka kwenda kwa Sista, aling'oa mharage mmoja mzima kwenye shamba lake dogo nyuma ya nyumba, akaufunga kwenye gazeti na udongo wake.

Sista, ambaye sasa ana miaka sabini, alikuwa barazani anashona foronya. Fundi Maua alikunjua gazeti magotini pake.

"Tazama mizizi, Sista."

"Naona. Na huu unaumwa."

"Hauumwi. Yote ya jamii hii ina vivimbe. Ndiyo afya yake."

Sista aliuzungusha ule mharage mkononi polepole. "Kwa hiyo ile ya kwangu niliyochoma..."

"Ilikuwa mizima. Na ile ya hospitali niliiua mimi. Niliihamisha."

Sista aliweka sindano, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Fundi Maua alikaa palepale saa nzima. Mlango ulipofunguliwa, Sista alikuwa amevua miwani.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Ulisimama pale watu wakakupigia makofi."

"Nilisimama, Sista."

"Ukatabasamu. Nilikuona."

"Nilitabasamu."

"Ya mama yangu, Fundi. Niliichoma kwa mkono wangu."

Sista alimpa masharti badala ya msamaha. Aje kila Jumamosi. Apande palepale palipokuwa na mimea ya marehemu. Na chochote kitakachoharibika amwambie yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, asisubiri aulizwe.

Sista alipoulizwa kama hadithi hii iandikwe, alijibu kwa ufupi: "Andikeni alichofanya. Msiandike kwamba nimesamehe, maana bado."

Maganda yalipokauka, Fundi Maua alichuma mbegu, akazisugua kwenye msasa moja moja mpaka ganda likapata mkwaruzo, akazilaza kwenye maji ya vuguvugu. Alipanda mashimo saba kwa Sista. Sita yaliota. Siku aliyoona majani yake matatu ya kwanza ndipo alipokwenda kwa mkuu wa utawala kukiri na kuomba ruhusa ya kuondoa beseni. Amepewa barua ya onyo. Ameikunja ndani ya kitambulisho chake cha kazi.

Mimea ya kwa Sista haitachanua kabla ya mwakani, na huenda ikachelewa. Anataka kuzijaza mbegu nafasi zote zilizobaki nyuma ya wodi, na siku moja amlete mke wake kwenye benchi, akikubali kuja. Akizungumzia hayo hunyanyua mabega kama mtu anayeomba kitu asichostahili.

Jumamosi iliyopita, alipoingia uani kwa Sista, aliona mche mmoja umelala chini. Konokono alikuwa ameukata usawa wa udongo. Kulikuwa na nafasi ya kuufukia. Sista alikuwa bado ndani, na mvua za usiku zingebeba lawama zote.

"Nilikwenda moja kwa moja mlangoni. Nikasema, 'Sista, mmoja umekufa, ule wa karibu na ukuta.' Shikamoo niliikumbuka baadaye."

Sista alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye matope.

"Imebaki mingapi?"

"Mitano."

"Ingia unywe chai."

Hakuwa amekaribishwa ndani tangu siku ile ya mharage. Aliingia, akapewa kikombe, akaonyeshwa kiti.

"Chai niliinywa nimesimama," anasema Fundi Maua, akiegemeza toroli ukutani. "Kukaa bado. Labda maua yakichanua."